Li Shizhen, Tabibu Aliyeuliza Jina la Kila Jani

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa kuuliza si ujinga. Wapenzi wasomaji wa jarida letu, katika kurasa hizi nataka niwasimulie maisha ya mtu aliyeuliza maswali tangu ujana wake hadi mvi zikamjaa kichwani. Aliwauliza wavuvi, wawindaji, wakulima, wakata kuni na wachimba migodi. Mtu huyo ni Li Shizhen, tabibu wa Uchina aliyezaliwa mwaka wa 1518 na kufariki mwaka wa 1593. Li ndilo jina la ukoo, nao Wachina hulitanguliza.

Huenda mwenzangu ukashangaa, ati Kikopey na Uchina wapi na wapi? Sisi tunajulikana kwa nyama choma. Magari ya barabara ya Nairobi na Nakuru husimama hapa, watu wakala mbuzi kwa kachumbari na chumvi, kisha wakaendelea na safari. Lakini hebu tazama vizuri. Mitishamba huuzwa katika masoko yetu, na chai za Kichina za kuondoa maji mwilini pia zimefika nchini. Mtu mzima akivimba miguu, hakosi jirani wa kumwambia kuna majani fulani ya kuchemsha. Basi ni vyema tumjue huyu mzee wa Kichina, kwa kuwa maisha yake yana somo linalotuhusu moja kwa moja: jina la dawa likikosewa, dawa inageuka kuwa sumu.

Li Shizhen alizaliwa Qizhou, katika mkoa wa Hubei, karibu na Mto Yangtze. Babu yake alikuwa tabibu wa kutembea na kengele mkononi, akipita vijijini ili wagonjwa wasikie kuwa amefika. Baba yake, Li Yanwen, alikuwa tabibu pia, na aliheshimika kuliko babu. Hata hivyo, zamani hizo kazi ya utabibu wa kawaida haikuwa na hadhi kubwa Uchina. Heshima ilikuwa kwa maofisa wa serikali, na ili uwe ofisa ilikubidi ufaulu mitihani migumu ya vitabu vya kale. Kwa hivyo mzee Li Yanwen hakutaka mwanawe ashike kengele ya babu. Alitaka ashike kalamu ya serikali.

Kijana alijitahidi. Mwaka wa 1531, akiwa bado mvulana mdogo kuliko sisi wa Kidato cha Tatu, alifaulu mtihani wa kwanza wa wilaya. Wazazi wakafurahi kama waliookota dhahabu. Lakini mtihani uliofuata, ule wa mkoa uliofanyiwa Wuchang, ulimshinda. Akarudia, akaanguka. Akarudia mara ya tatu, akaanguka tena. Wenzangu, sisi tunaoogopa KCSE tunajua uzito wa jambo hilo. Angeweza kukaa nyumbani akilaumu bahati yake. Badala yake alimwomba baba amfundishe utabibu, na baba akakubali.

Kuna jambo lililompata ambalo naamini lilimsukuma. Alipokuwa na umri wa miaka 20 hivi aliugua kikohozi na homa kali. Alijitibu kwa dawa nyingi, na baada ya mwezi mzima akawa amezidiwa hata watu wakadhani atakufa. Baba yake akafikiri upya. Akachukua mzizi wa mmea mmoja tu unaoitwa huangqin, akauchemsha, akampa anywe. Siku iliyofuata homa ikashuka, na kikohozi kikaisha baadaye. Li Shizhen alikiandika kisa hicho yeye mwenyewe miaka mingi baadaye. Alikuwa ameonja mwilini mwake tofauti kati ya dawa iliyolengwa na dawa za kubahatisha.

Sifa zake zilienea, hata akaitwa kufanya kazi katika kasri la Mwanamfalme wa Chu huko Wuchang. Baadaye alipendekezwa aende kwenye taasisi ya matabibu wa Mfalme mjini Beijing. Kwa mtu aliyeanguka mtihani mara tatu, hiyo ilikuwa ngazi ya juu mno. Lakini hakukaa sana. Alirudi kwao kutibu watu wa kawaida na kuandika. Alijipa jina la Binhu, yaani mtu wa kando ya ziwa, kwa kuwa alikaa karibu na ziwa. Sisi tunaoliona Ziwa Elmenteita kila siku tunaweza kumwita jirani!

Sasa tufike kwenye kiini cha habari. Alipokuwa akitibu, Li Shizhen aligundua kwamba vitabu vya dawa vya kale vilikuwa na makosa. Mmea mmoja ulipewa majina mawili na kuandikwa kama mimea miwili. Kwingine mimea miwili tofauti ilitiwa chini ya jina moja. Vingine vilisema kwamba zebaki haina madhara na kwamba mtu akiinywa ataishi milele. Tabibu akifuata kitabu kama hicho anaweza kumuua mgonjwa huku akidhani anamponya.

Basi mwaka wa 1552 alianza kazi ya kuandika kitabu kipya, naye alikuwa na umri wa miaka 34. Alisoma vitabu zaidi ya 800. Lakini hakutosheka na kusoma. Alivaa viatu vya safari akapanda milima na kuingia mabonde. Alipotaka kujua kama kweli kakakuona hula siafu na mchwa kama ilivyosemwa, alimpasua akamtazama tumbo, akakuta limejaa wadudu hao. Alipotaka kujua nguvu ya ua la kulevya linaloitwa mantuoluo, alilijaribu mwilini mwake. Bwana huyu hakukubali neno kwa sababu tu limeandikwa. Alitaka aone.

Kuhusu zebaki alikuwa mkali zaidi. Kumbuka kwamba Mfalme Jiajing, aliyetawala kuanzia mwaka wa 1521 hadi 1567, alipenda sana dawa za kutafuta uzima wa milele, na zebaki ilikuwa miongoni mwa vitu vilivyotumiwa katika dawa hizo. Kuandika kwamba zebaki ni sumu na kwamba imewaangamiza wengi walioinywa ni jambo lililohitaji moyo. Li Shizhen aliandika hivyo bila kuficha.

Alipoandika juu ya chai ya kawaida pia alisema ukweli juu yake mwenyewe. Ujanani, alikunywa vikombe vingi vya chai mpya kwa mara moja akafurahia. Alipofika umri wa makamo, tumbo lake halikuiweza tena, akawaonya wengine.

Tuje sasa kwenye habari ya uvimbe. Matabibu wa Kichina waliamini, na wengi bado wanaamini, kwamba maji ya mwili huendeshwa na wengu, mapafu na figo, na kwamba uvimbe hutokea njia hizo zinapolegea. Dawa zao nyingi za uvimbe zilikuwa vinywaji vya kuchemsha, ndivyo hivi tunavyoviita chai leo, ingawa vingi havina jani la chai hata moja. Kipo kinywaji maarufu cha maganda matano kilichojulikana kabla Li Shizhen hajazaliwa. Hutengenezwa kwa ganda la tangawizi, ganda la chenza, gamba la mzizi wa mforosadi, kumbi la popoo, na ngozi ya uyoga uitwao fuling unaoota kwenye mizizi ya misonobari. Tangawizi na chenza tunazo jikoni, miforosadi inamea nchini mwetu, na popoo watu wa pwani wanaijua kwenye tambuu. Kumbe ya mbali si ya mbali sana!

Katika kitabu chake Li Shizhen alieleza vitu hivi kimoja kimoja. Alieleza pia mbegu za mmea uitwao cheqian, jina ambalo maana yake ni mbele ya gari la kukokotwa, kwa kuwa humea kwenye njia zipitazo magari. Mbegu hizo hutumiwa kumfanya mtu akojoe vizuri. Alieleza maharagwe madogo mekundu yanayopikwa pamoja na samaki kwa ajili ya mtu aliyevimba. Kwa kila kitu alifuata mpango mmoja: majina yake yote, mahali kinapopatikana, umbo lake, makosa ya vitabu vya nyuma, ladha yake, kazi yake, na namna ya kukitumia. Angalia vile majina yalitangulia. Kwake, tabibu asiyejua jina halisi la jani hana ruhusa ya kulitia chunguni.

Alifuta na kuandika upya mara tatu. Kazi ilikamilika mwaka wa 1578, akiwa na miaka 60. Kitabu chenyewe kiliitwa Bencao Gangmu. Kina sehemu 52, dawa 1,892, na maagizo ya kutengeneza dawa 11,096, pamoja na michoro zaidi ya 1,000 ambayo wanawe walisaidia kuichora. Dawa 374 kati ya hizo alikuwa ameziongeza yeye. Humo mna hata ubani na manemane, bidhaa zinazotoka upande wetu, katika Pembe ya Afrika na Uarabuni. Si ajabu, kwa maana merikebu za Wachina zilikuwa zimefika Malindi takribani miaka 100 kabla ya yeye kuzaliwa.

Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kitabu kilikwisha, mchapishaji hakuna. Nani angetoa pesa zake kwa kitabu kikubwa namna hiyo cha tabibu wa mashambani? Mwaka wa 1580 Li Shizhen alisafiri kwenda kumwona msomi mashuhuri, Wang Shizhen, akamwomba aandike dibaji. Dibaji hiyo aliipata mwaka wa 1590, yaani miaka kumi baadaye. Ndipo mchapishaji mmoja wa Nanjing, Hu Chenglong, akaanza kuchonga mbao za kuchapia. Mzee Li hakuwahi kukiona kitabu chake. Alifariki mwaka wa 1593, nacho kikatoka mwaka wa 1596. Mwaka huohuo mwanawe Li Jianyuan alikipeleka kwa Mfalme. Kilifika Japani mwanzoni mwa karne ya 17, kisha Ulaya. Mwaka wa 2011 UNESCO ilikiingiza katika orodha ya kumbukumbu kuu za dunia.

Je, kitabu hicho kilikuwa na ukweli mtupu? Hapana. Kina mambo mengi ambayo sayansi ya leo haiyakubali. Tena kuna sumu ambazo Li Shizhen hangeweza kuzigundua kwa kuonja. Sumu inayoua kwa siku moja huonekana, lakini inayoharibu figo polepole kwa miezi na miaka hujificha.

Na hapa, wenzangu, ndipo tunapoona kwa nini mzee huyu ni wa leo. Kuna dawa ya Kichina ya kupunguza uvimbe inayoitwa fangji. Jina hilo fangji limetumiwa kwa mimea zaidi ya mmoja. Mmoja ni hanfangji, ambao wanasayansi huuita Stephania tetrandra. Mwingine ni guangfangji, wa jamii ya Aristolochia, na huu una sumu kali ya figo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 huko Brussels, Ubelgiji, wanawake waliotaka kupunguza uzito walipewa vidonge vilivyokusudiwa kuwa na ule wa kwanza. Kumbe kilichotiwa ni ule wa pili. Mwaka wa 1993 madaktari wa huko walitangaza kwamba figo za wanawake zilikuwa zinakufa. Mwishowe walioathirika walizidi 100. Wengi walihitaji mashine ya kusafisha damu ama kupandikizwa figo nyingine, na baadhi yao walipata saratani ya njia ya mkojo.

Sababu ilikuwa nini? Jina! Lile kosa ambalo Li Shizhen alipigana nalo kwa miaka zaidi ya 25 lilirudi baada ya karne nne na kuvunja maisha ya watu. Uchina yenyewe iliondoa guanmutong, mmea mwingine wa jamii hiyo uliotumiwa kukojoza, katika orodha ya dawa rasmi mwaka wa 2003, na guangfangji mwaka wa 2004. Na hata kitabu cha Li Shizhen kina mimea ya jamii ya Aristolochia, kwa sababu ubaya wake wa polepole haukujulikana.

Jambo hili liligusa nyumba yetu. Nyanya yangu alivimba miguu. Ukibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Mtu mwenye nia njema akamletea pakiti ya majani ya kupunguza maji. Nje imeandikwa kwa Kichina, na hapakuwa na mtu nyumbani aliyeweza kusoma hata herufi moja. Mama akaiweka juu ya kabati, akasema hospitali kwanza. Huko nyanya akapimwa mkojo, damu na shinikizo, ikaonekana ni moyo uliochoka. Moyo ukishindwa kusukuma damu sawasawa, maji huvuja na kutuama miguuni. Alipewa vidonge, akakatazwa chumvi nyingi. Kisha daktari akamuuliza swali ambalo Li Shizhen angelipenda: unakunywa kitu gani kingine, na kinaitwaje?

Uvimbe, basi, ni ishara tu. Unaweza kutoka kwa moyo, kwa figo zisizochuja vizuri, au kwa ini. Mtoto akikosa protini huvimba kwa kwashakoo. Mama mjamzito akivimba uso na mikono ghafla, huku kichwa kikimuuma, hiyo ni hatari inayohitaji daktari siku hiyohiyo. Ukinywa chai ya kukojoza, huenda uvimbe ukapungua kidogo nawe ukafurahi, na kumbe ugonjwa wenyewe unaendelea kula ndani. Tena mtu akichanganya chai hiyo na vidonge vya hospitali vya kukojoza, anaweza kupoteza maji na madini kupita kiasi. Na dawa nyingi za Kichina hutiwa gancao, mzizi mtamu ambao Waswahili wa pwani huuita urukususu. Mzizi huo ukizidi hufanya mwili ushike chumvi na maji, na shinikizo la damu hupanda. Mtu anakunywa ili maji yatoke, naye anayafungia ndani!

Mimi sisemi mitishamba ni mibaya. Mababu zetu wa Bonde la Ufa waliijua miti yao, na dawa kadhaa za hospitali zilitoka kwenye mimea. Hapa Kenya taasisi ya KEMRI hufanya utafiti juu ya dawa za kienyeji, na Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017 imezitambua. Mwaka wa 1976 Profesa John Kokwaro wa Kenya alichapisha kitabu juu ya mimea ya dawa ya Afrika Mashariki, akiandika majina ya kisayansi pamoja na majina ya lugha zetu. Hiyo ndiyo njia ya Li Shizhen: jani lipewe jina moja lisilokanganya, lijulikane linakotoka, na lijaribiwe.

Kwa hivyo, wenzangu, mtu akikuletea chai ya kuondoa uvimbe, usiogope kuuliza. Ina majani gani ndani yake? Jina lake kamili ni lipi? Nani ameipima? Na je, huyu anayevimba ameshapimwa? Asiyeweza kukujibu maswali hayo manne, mshukuru kwa wema wake, uiache pakiti yake imefungwa.

Nyanya anaendelea vizuri, na bado ananilaumu kwamba uji wangu hauna chumvi. Naye mzee Li Shizhen amelala kwao Qizhou, kando ya ziwa. Mtihani ulimshinda mara tatu, ila swali la jina la kila jani halikumshinda. Nasi wanachama wa Chama cha Kiswahili, tunaofundishwa kila wiki kwamba neno lina thamani, tuna sababu ya pekee ya kumkumbuka.